Blokucheni kwa mkono wako: mwongozo kamili, kuanzia daftari la kikoba

Siku ya kugawana, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikwama kwenye mstari mmoja wa daftari. Mama mmoja alisimama akasema amekopa 15,000. Daftari lilisema 45,000. Tukalipeleka dirishani, tukauinua ule ukurasa kwenye mwanga, tukaona ile 1 imeongezewa vijistari viwili ikawa 4. Wino ulikuwa wa bluu, ila bluu zenyewe mbili. Kitabu chake cha mwanachama kilikuwa kimelowa mvua, hakisomeki. Hatukuweza kumshika mtu, na mama yule akalipa.

Niliikumbuka ile 4 nilipoanza kujifunza blokucheni, kwa sababu teknolojia hii yote imezaliwa na swali lile lile: daftari linalotegemewa na watu wengi litalindwaje lisibadilishwe kimyakimya, hata na anayelishika? Ukilishika swali hilo, mengine yanakuja yenyewe. Tenga saa mbili, uwe na kompyuta na kalamu. Huhitaji kununua sarafu yoyote ya kidijitali, na anayekuambia hutaelewa mpaka ununue, achana naye.

Hatua ya 1: Litazame sanduku la kufuli tatu

Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo wa hisa vilianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, kisha vikaenea Afrika nzima. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wao anaujua utaratibu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe analala nalo mtu wa nne. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Kabla ya kutawanyika, salio linatangazwa na kila mmoja analiweka kichwani. Mkutano unaofuata unaanza kwa kuulizwa: wiki iliyopita tuliacha shilingi ngapi?

Hapo kuna mambo matatu. Nakala ziko nyingi, moja katika kila kichwa. Hakuna anayefungua peke yake. Na mkutano wa leo umefungwa kwenye mkutano wa jana, kwa kuwa huwezi kuanza bila kutaja salio lililopita. Blokucheni ni mambo hayo matatu yaliyofanywa kwa hesabu, ili yafanye kazi hata kati ya watu wasiojuana, walio mabara tofauti.

Hatua ya 2: Tengeneza alama ya kidole ya maandishi

Msingi wa yote ni hesabu inayoitwa hashi. Unaipa maandishi yoyote, neno moja au kitabu kizima, nayo inarudisha mfuatano wa tarakimu na herufi wa urefu ule ule daima. Ile inayotumika zaidi ni SHA-256, na jibu lake huandikwa kwa alama 64, za tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f.

Usiniamini kwa maneno. Kwenye kompyuta ya Linux fungua dirisha la amri, andika:

printf 'hello' | sha256sum

Kwenye Mac, badala ya sha256sum andika shasum -a 256. Kama unatumia Windows au simu, tafuta mtandaoni kikokotoo cha SHA-256, viko vingi na ni bure. Utapata hii:

2cf24dba5fb0a30e26e83b2ac5b9e29e1b161e5c1fa7425e73043362938b9824

Sasa badilisha herufi moja tu, h ndogo iwe H kubwa:

185f8db32271fe25f561a6fc938b2e264306ec304eda518007d1764826381969

Ziweke juu na chini uzitazame. Hazifanani hata kidogo, wala huwezi kukisia kwamba zimetoka kwenye neno moja. Ukirudia tena na tena, leo au mwakani, hapa au Muscat, kila neno litarudisha jibu lake lile lile. Kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye hashi ni kufumba na kufumbua. Kutoka kwenye hashi kurudi kwenye maandishi hakuna njia, isipokuwa kubahatisha maandishi moja baada ya jingine. Na mpaka sasa hakuna aliyewahi kuonyesha maandishi mawili tofauti yenye hashi moja ya SHA-256.

Sasa rudi kwenye ile 1 iliyogeuzwa 4. Kama ukurasa ule ungepigiwa hashi jioni ile ile ya mkutano na kila mwanachama akaondoka nayo, vijistari vile viwili vingebadilisha alama zote. Tusingehitaji dirisha wala mwanga.

Hatua ya 3: Funga kurasa pamoja

Fanya zoezi hili kwa mkono, usiliruke. Andika maandishi ya kwanza:

Bloku 1. Asha amenunua hisa 3. Iliyotangulia: 0

Piga hashi yake. Kisha andika ya pili, na mwishoni unakili hashi uliyoipata:

Bloku 2. Juma amekopa 15000. Iliyotangulia: (hapa bandika hashi ya Bloku 1)

Piga hashi ya hiyo pia, uibandike mwishoni mwa Bloku 3. Endelea mpaka ziwe tano. Hapo umeshajenga mnyororo. Bloku ni ukurasa tu wa daftari, na mnyororo ni ile tabia ya kila ukurasa kubeba alama ya kidole ya ukurasa uliotangulia.

Jaribu sasa kudanganya. Rudi Bloku 2, geuza 15000 kuwa 45000, upige hashi upya. Haifanani tena na ile iliyobandikwa kwenye Bloku 3. Ukiirekebisha Bloku 3, hashi yake nayo inabadilika, kwa hiyo Bloku 4 inagoma, na kadhalika hadi mwisho. Kughushi mstari mmoja wa zamani kunakulazimisha kuandika upya daftari zima kuanzia hapo.

Wazo hili ni la zamani kuliko Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali inayojulikana zaidi kwa kutumia blokucheni. Stuart Haber na W. Scott Stornetta waliandika mwaka 1991 namna ya kupiga nyaraka za kidijitali muhuri wa muda kwa kuzifunga mnyororo, na kuanzia mwaka 1995 kampuni yao ilikuwa ikichapisha hashi kila wiki kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Nalipenda sana jambo hili. Gazeti likishauzwa limeshauzwa. Huwezi kupita nyumba kwa nyumba ukikusanya nakala zote ubadilishe tarakimu.

Hatua ya 4: Nani anaandika ukurasa unaofuata?

Ulivyoona kwenye zoezi, kuandika upya kurasa tano ni kazi ya dakika chache. Mnyororo peke yake hautoshi. Zinahitajika nakala nyingi kwa watu wengi, na utaratibu wa kukubaliana nakala ipi ni ya kweli.

Kwenye kikoba hilo ni jepesi: tunajuana kwa sura, tunapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mtandaoni mtu mmoja anaweza kujiandikisha mara elfu kumi kwa majina elfu kumi, na kura yake ikawashinda wote. Hapa ndipo wengi waliojaribu kutengeneza fedha ya kidijitali isiyo na msimamizi walipokwama, mpaka tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walipotoa andiko la kurasa 9 kuhusu Bitcoin. Jibu lao lilikuwa kwamba kura isihesabiwe kwa vichwa, ihesabiwe kwa kazi iliyofanyika.

Kazi yenyewe unaweza kuionja. Chukua Bloku 1 yako, ongeza namba mwishoni, 1, 2, 3 na kuendelea, ukipiga hashi kila mara, mpaka upate inayoanza na sifuri. Kwa wastani itakuchukua majaribio 16. Ukitaka sifuri mbili, majaribio 256. Sifuri nne, 65,536. Hakuna njia ya mkato. Ni kubahatisha tu. Lakini ukishaipata ile namba, mtu mwingine anaihakiki kwa jaribio moja. Kazi ni ngumu kuifanya, rahisi kuikagua.

Hiyo ndiyo inayoitwa kuchimba. Kompyuta za wachimbaji wa Bitcoin zinashindana kubahatisha, na leo hashi inayokubalika inaanza na sifuri 19 au zaidi. Mshindi anaandika ukurasa na kulipwa kwa sarafu mpya: mwanzoni zilikuwa 50 kwa kila bloku, na malipo hukatwa nusu kila baada ya bloku 210,000, hadi kufikia 3.125 mwezi Aprili 2024. Ugumu unapimwa upya kila bloku 2,016, ili wastani ubaki ukurasa mmoja kwa dakika 10. Anayetaka kughushi ukurasa wa jana lazima arudie kazi yote iliyofanyika tangu jana, huku akikimbizana na dunia nzima inayoendelea kuandika.

Gharama yake ni umeme, na si kidogo. Makadirio yanaiweka Bitcoin juu ya terawati-saa 100 kwa mwaka, mara kadhaa ya umeme wote unaozalishwa Tanzania. Watetezi hutaja mfano wa Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ambako mwaka 2020 makontena ya kompyuta yalianza kuchimba kwa umeme wa maji wa kituo cha Luviro ambao haukuwa na mnunuzi wa karibu. Mfano huo ni wa kweli na nauheshimu, ila haubadilishi hesabu ya dunia nzima.

Ipo njia nyingine. Ethereum, mtandao mwingine wa blokucheni uliozinduliwa Julai 2015, uliacha kuchimba Septemba 2022. Sasa anayetaka kuandika kurasa anaweka dhamana ya sarafu za mtandao huo kuanzia 32, na akibainika anadanganya, dhamana inakatwa. Matumizi ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Na udhaifu? Anayeshika zaidi ya nusu ya nguvu za mtandao anaweza kuandika upya kurasa za karibuni. Kwa Bitcoin hiyo ni gharama ya kutisha. Kwa minyororo midogo imeshatokea: Ethereum Classic ilishambuliwa hivyo zaidi ya mara moja mwaka 2020. Ukisikia mtu anasema blokucheni haiwezi kuvunjwa, muulize ipi.

Hatua ya 5: Fungua daftari la kweli

Ingia mempool.space au blockstream.info, uandike 0 kwenye sehemu ya kutafutia. Utaona ukurasa wa kwanza kabisa wa Bitcoin, wa tarehe 3 Januari 2009, na hashi yake:

000000000019d6689c085ae165831e934ff763ae46a2a6c172b3f1b60a8ce26f

Zihesabu sifuri za mwanzo, zipo kumi. Ndani yake Satoshi aliandika kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku hiyo, kilichohusu waziri wa fedha wa Uingereza na mpango wa kuziokoa benki kwa mara ya pili. Kilikuwa uthibitisho kwamba ukurasa haukuandikwa kabla ya siku hiyo. Gazeti tena, kama kwa Haber na Stornetta.

Sasa nenda bloku ya 1, utafute hashi ya iliyotangulia. Ni hiyo hiyo. Ulichokifanya kwa akina Asha na Juma ndicho kilichomo humu, na mnyororo haujakatika tangu siku ile. Kaa hapo dakika kumi usubiri ukurasa mpya ufike.

Hatua ya 6: Funguo

Kwenye daftari hili hakuna majina, kuna anwani. Kila anwani ina ufunguo wa siri, ambao ni namba kubwa sana, na pochi ya kidijitali ni programu ya kuutunza na kutia saini malipo kwa kutumia huo. Sarafu hazimo kwenye simu yako. Zimo daftarini, ulichonacho ni uwezo wa kutia saini.

Pochi nyingi hukupa maneno 12 au 24 kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048. Maneno hayo ndiyo ufunguo. Yaandike kwenye karatasi, kwa kalamu, uyaweke unapoweka hati ya kiwanja. Usiyapige picha. Usimpe yeyote anayekuomba, awe fundi, huduma kwa wateja au shemeji. Ukiyapoteza hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Na ukimwachia mtu mwingine akutunzie, umerudi kwenye kumwamini mtu: Februari 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo lilianguka likitangaza kupotea kwa Bitcoin zipatazo 850,000, na mnyororo wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Kujifunza, tumia mitandao ya majaribio, kwa mfano Sepolia ya Ethereum, ambako sarafu hazina thamani na hutolewa bure. Tengeneza pochi mbili, tuma kutoka moja kwenda nyingine, fuatilia muamala wako ukiingia kwenye bloku. Kisha, kama ni wa kikundi, jaribu pochi ya saini nyingi: fedha hazitoki mpaka funguo mbili kati ya tatu zikubali. Ni lile sanduku letu.

Juu ya Ethereum na mitandao kama hiyo unaweza pia kuweka mkataba wa kujitekeleza, yaani programu ndogo inayokaa daftarini na kulipa yenyewe sharti likitimia. Inafanya ilichoandikiwa, hata kama mwandishi alikosea. Juni 2016 mtu alitumia kosa kwenye mkataba ulioitwa The DAO akachota sarafu milioni 3.6 za Ethereum. Mwezi uliofuata wengi wakakubaliana kuzirudisha, wachache wakakataa, na mtandao ukagawanyika kuwa miwili. Kwa hiyo hata daftari lisilofutika lina watu nyuma yake.

Hatua ya 7: Amua kama unaihitaji

Kwangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana. Uliza: waandikaji ni wengi? Hawaaminiani? Hakuna mtu wa kati ambaye wote wanamkubali? Kama hata moja kati ya hayo matatu si kweli, daftari la kawaida la kompyuta litakuwa rahisi na la haraka zaidi. M-Pesa imefanya kazi tangu 2007 bila blokucheni, kwa kuwa yupo mwenye daftari anayesimamiwa na sheria, na ukituma kwa namba isiyo sahihi unaweza angalau kupiga simu. Kwenye Bitcoin, ukikosea anwani, imekwenda.

Kisha uliza swali gumu zaidi: nani anaingiza taarifa? Blokucheni hulinda kilichokwisha kuandikwa. Haijui kama kilichoandikwa ni kweli. Nchini Rwanda, mwaka 2018, ulianzishwa mradi wa kufuatilia madini ya tantalamu kwa blokucheni, mifuko ikipewa alama mgodini na kila hatua ikiandikwa. Jambo jema, lakini nguvu yake yote iko kwa yule anayefunga alama kwenye mfuko. Hati za ardhi ni hivyo hivyo. Kiwanja kilichouzwa mara mbili kikiingizwa kwa jina la tapeli, mnyororo utautunza uongo huo kwa uaminifu kabisa. Mpime ardhi kwanza, msuluhishe majirani, ndipo mfikirie hashi.

Mifano mingine inafundisha. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mwaka 2017 kuwawezesha wakimbizi wa Syria katika kambi ya Azraq, Jordan, kununua chakula kwa kutazama kamera ya macho, huku malipo yakiandikwa kwenye blokucheni binafsi. Ada za benki zilipungua sana. Ila mwanzoni mwandikaji alikuwa shirika moja, na swali la kwanza hapo juu linabaki mezani. Maersk, kampuni ya meli, na IBM, kampuni ya kompyuta, walianzisha TradeLens mwaka 2018 ili meli, bandari na forodha washiriki daftari moja la makontena. Novemba 2022 wakatangaza kuifunga kwa kukosa ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima. Nani hupenda kuandika biashara yake kwenye daftari la mshindani?

Blokucheni hufanya kazi vizuri kwenye kuhamisha thamani kuvuka mipaka, hasa kwa sarafu ambazo thamani yake imefungwa kwenye dola, na kwenye kuthibitisha kwamba waraka fulani ulikuwepo siku fulani.

Jambo moja la tahadhari: usiandike taarifa binafsi za watu kwenye mnyororo wa wazi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinampa mtu haki juu ya taarifa zake, na mnyororo haufuti. Weka hashi, waraka ubaki kwako.

Hatua ya 8: Sheria na matapeli

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba fedha halali nchini ni shilingi, si sarafu za kidijitali. Hata hivyo Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma za mali hizo. Kabla ya kutumia fedha halisi, soma ya nchi yako.

Kuhusu matapeli, kumbuka OneCoin, iliyouzwa kama sarafu ya kidijitali. Iliwanasa watu hadi Uganda, wengine wakauza mifugo na mashamba, na mwanzilishi wake Ruja Ignatova alitoweka Oktoba 2017. Haikuwa na blokucheni ya kweli. Namba zilikuwa zinaandikwa na wenyewe kwenye kompyuta yao. Wewe uliyefika hapa una kipimo ambacho wale hawakupewa. Mwambie anayekushawishi: nionyeshe bloku ya kwanza, na ya pili, nipige hashi mwenyewe.

Hatua ya 9: Kitu cha kufanya mwezi huu

Kikundi chetu hakikununua mfumo wowote. Mwisho wa kila mkutano katibu anapiga picha kurasa za siku hiyo, anazikusanya kwenye faili moja, anapiga hashi ya faili, kisha anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama wote pamoja na hashi ya mkutano uliopita. Faili lenyewe linabaki na watu watatu, na halihaririwi wala kupitishwa WhatsApp kama picha, maana ikibanwa hashi inabadilika. Mara moja kwa mwaka, kabla ya kugawana, tunaipeleka hashi ya mwisho OpenTimestamps, huduma ya bure inayoifunga kwenye Bitcoin.

Yule mama ndiye anayesoma hashi ya mkutano uliopita kwa sauti kabla sanduku halijafunguliwa. Alama nane za mwanzo na nane za mwisho, huku wengine wakifuatilia kwenye simu zao.